Mtafsiri wa Ile Filamu ya Yatima

Kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi hukuweza kumtoa neno. Ukimsalimu alfajiri kwenye foleni ya basi, alikuinulia kidevu. Ukimuuliza kama amelala vyema, alikuinulia kidevu kilekile. Wageni walidhani ana madharau, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimetoka Nakuru juzijuzi nikiwa na maneno ya kujaza gunia, halafu nikapangiwa kitanda cha juu na yeye yuko cha chini. Wiki nzima nikawa najisemesha mwenyewe. Nilimchukia kabisa, sitaficha.

Kisha ikafika Ijumaa, siku ya mapumziko. Waliokwenda kanisani wakarudi, waliokwenda msikitini wakarudi, tukala wali, na watu wakaanza kushusha magodoro sebuleni mbele ya televisheni ya kampuni yetu ya ulinzi. Nikauliza kuna nini. Mganda mmoja wa chumba chetu, mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa machozi, akanisogezea nafasi.

"Kaa chini, ssebo. Leo Mtafsiri anafanya."

"Mtafsiri nani?"

"Si huyo unalala juu yake."

Akashuka ngazi akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na chupa ya maji ya moto yenye tangawizi. Akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, akapunguza sauti ya filamu mpaka ikabaki kama watu wanaozungumza chumba cha pili, akavuta pumzi ndefu, na yule bubu wangu akafungua mdomo. Alikuwa mtoto, alikuwa polisi, alikuwa bibi muuza chai mwenye kikohozi, alikuwa hadi honi ya treni. Nilisahau kwamba namchukia. Nilisahau hata kwamba niko Doha.

Kwetu kila aliyekulia mjini anaijua kazi hiyo. Kwenye vibanda vya video, filamu ya Kihindi au ya Kichina haikuonyeshwa hivihivi. Palikuwa na mtu wa kukaa kando na kipaza sauti, akawatia waigizaji wote Kiswahili mdomoni, akaongeza na chumvi yake, na watu walichagua kibanda kwa kumfuata yeye, wala si filamu. Mtafsiri wetu aliifanya kazi hiyo kabla ya kuja Uarabuni. Alizaliwa wapi na nani, sikuwahi kujua, naye hakupenda kuulizwa. Alichosema ni kwamba wazazi hakuwajua na kwamba sauti aliikuta tu, imeachwa, akaiokota.

Alikuwa na filamu nyingi kwenye mfuko wa plastiki, lakini watu walitaka moja. Ilikuwa ya yatima wa India na dada yake mdogo wanaolala chini ya daraja la reli. Kaka anaosha gilasi za chai stesheni. Siku moja dada anaingia kwenye behewa kuokota chupa, treni inaondoka naye, kaka anakimbia kando ya dirisha mpaka reli zinapogawanyika. Kuanzia hapo filamu nzima ni ya kupanda. Anaosha gilasi, anauza chai, anakodi mkokoteni, ananunua lori, malori yanazaana, na huku tumboni ana jambo moja tu, kumtafuta dada. Mwishoni gari jeupe linasimama mbele ya nyumba ya vyumba viwili katika mji wa mbali. Mwanamke anatoka. Anamtazama yule tajiri kwa muda, anasema maneno machache, anaingia ndani, anafunga mlango.

Hapo Mtafsiri alikuwa anashusha sauti, pole kabisa. "Dada ameingia kupika chai," alisema. "Ndugu amefika, lazima chai." Kisha akainua rimoti na kuzima, kabla majina hayajaanza kupanda.

Mganda alipenga kamasi kwenye kofia ya kazi. Mimi nilijifanya nakohoa. Wanaume wazima, mmoja mmoja wakatoka nje na simu zao kupiga nyumbani. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona kinachofuata ule mlango, na wala hatukujiuliza.

Sasa nikajua kwa nini hasemi siku nyingine. Alikuwa anaihifadhi sauti. Kazini walimpanga langoni Lusail, wakati mji wenyewe ulikuwa bado mchanga, vigingi na milundo ya vyuma, na alipenda lango hilo kwa sababu vyuma havisalimii. Aliogopa kiyoyozi kuliko alivyoogopa bosi. Julai, jua la kuchubua ngozi, yeye alijifunga taulo shingoni. Tangawizi yake aliifungia kabatini pamoja na picha ya pasipoti ya mkewe na akiba ya sabuni, na ukimwomba kipande kwa ajili ya mafua alikutazama kana kwamba umemwomba figo. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa kila kitu. Lakini Ijumaa alijimwaga mzima, mpaka shati likashikana na mgongo.

Kusema kweli aliniudhi sana pia. Mara mbili walitaka kumfanya msimamizi, mara mbili akakataa, eti msimamizi hushinda akipiga kelele kwenye redio. Nikamwambia, "Mzee, unatuhubiria kupanda kila wiki, na wewe umekalia kitanda cha chini."

"Mimi napandisha wengine," akajibu. Ilikuwa Jumanne, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya siku.

Wala hakuwa mzee. Tulimwita hivyo kwa sababu alitutangulia kufika na kwa sababu ya sauti. Mimi nilijifunza kuiga sauti hiyo mpaka nikawakosesha watu raha. Nilikaa kitandani kwangu juu nikasema, "Lazima chai," na mtu aliyekuwa bafuni akajibu, "Naam, mzee." Yeye hakukasirika. Siku moja aliniambia tu kwamba naiga koo, siigi kifua, na kwamba koo peke yake haliwezi kumdanganya mtu anayekupenda. Nilicheka. Nilidhani anajisifu.

Mtu aliyempenda alikuwa mmoja. Alimwacha binti yake akiwa bado anatambaa, na alimwita mama, kwa kuwa alimpa jina alilosikia kwamba ndilo lilikuwa la mama yake yeye. Kila Ijumaa baada ya filamu aliketi kwenye ngazi za nyuma, penye joto, mbali na mashine za kiyoyozi, akampigia. Mwanzoni ilikuwa kwa zile kadi za kukwangua, baadaye simu za intaneti. Alianza kwa kuvuta pumzi, vilevile kama kwenye filamu, kisha, "Mama, umeshindaje, mama?" Alimsimulia filamu ile vipande vipande, kidogo kila wiki, mpaka mtoto akaijua bila kuiona. Nilikuwa nikianika nguo hapo karibu na nilisikia akiulizwa kitu, akajibu, "Alimjua, mama. Angeachaje kumjua? Alikwenda kupika chai."

Alituambia kwa fahari kwamba mwalimu wa chekechea aliwauliza watoto baba zao wanafanya kazi gani, na binti yake akasema, "Baba yangu ni wa simu." Watu wakacheka sana. Yeye pia alicheka, kisha akaingia ndani akanawa uso.

Kwenda nyumbani ilikuwa mwaka ujao. Kila mwaka ilikuwa mwaka ujao. Likizo alizibadilisha akapokea malipo, kwa sababu karo, kwa sababu paa, na mimi nadhani pia kwa sababu aliogopa. Kupitia simu alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti kumi na mbili. Angeshuka kwenye ndege akiwa mlinzi mwembamba mwenye begi.

Halafu mkewe akafa. Ulikuwa ugonjwa wa siku chache, hakuna aliyeutarajia. Miaka hiyo ili utoke nchini ilibidi kafili, yaani yule aliyekuingiza kikazi, akutolee kibali, na kafili wetu alikuwa safarini Ulaya na simu yake ilipokelewa na mtu asiyejua lolote. Mtafsiri alivaa shati jeupe akaketi ofisini tangu asubuhi, mikono magotini. Jioni akarudi. Kesho yake akaenda tena. Kibali kilipotoka mke alikuwa amekwisha zikwa, na yeye akakirudisha, akasema hakuna haja. Nilimwambia aende tu, mtoto yuko. Akaniinulia kidevu. Mtoto alichukuliwa na dada wa marehemu, na Ijumaa iliyofuata sisi tulikaa vyumbani kwa heshima, tukijua hakuna filamu. Saa ya kawaida tukamsikia anashusha kiti cha plastiki.

Alionyesha ileile. Alifanya kila sauti. Mlango ulipofungwa alisema dada ameingia kupika chai, na Mganda akatoka nje kabla rimoti haijainuliwa, maana alishindwa kuvumilia. Mimi nilibaki, nikamtazama mtu yule, nikamwona jasiri na mjinga kwa pamoja, na sikujua lipi limezidi.

Aliyeniharibia filamu ni dereva wa basi letu, Mhindi wa huko kaskazini, kijana mpole aliyekuwa na picha za miungu kwenye kioo. Ijumaa moja alikuja mapema kuwachukua watu wa zamu ya jioni, akaketi kwenye mkono wa kochi akatazama nasi. Alifurahi sana kuwaona Waafrika wamekufa kwa filamu ya kwao. Mwisho ulipofika akakunja uso. Tulipotoka akanishika mkono, akaniuliza kwa ile lugha yetu ya Doha, kipande Kiarabu kipande Kiingereza, kwa nini watu wanatabasamu na kulia vile.

"Dada amemjua kaka," nikamwambia. "Amekwenda kupika chai."

"Mafi chai," akasema, akitikisa kidole. Hakuna chai. "Sister speak, my brother finish. Long time finish. You, I don't know." Akanionyesha kwa kiganja jinsi mlango unavyofungwa. Baada ya hapo, akasema, yule tajiri anasimama nje mpaka jua linazama, kisha anarudi kwenye gari, na filamu inaisha.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Nilimkuta anapanga shati kwenye hanga.

"Yule mwanamke anasema ndugu yake alikufa. Unajua Kihindi au unatubahatishia?"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua anachosema. Nimekaa langoni na Wahindi miaka yote hii, unadhani nina masikio ya nini?"

"Basi mbona unatudanganya, mzee? Watu wanalia kwa kitu hakipo."

Akakaa kitandani. Ilikuwa bado Ijumaa, kwa hiyo sauti ilikuwepo. "Hao wote hapo chini," akasema, "kila mmoja ameacha mtu mlangoni. Kesho alfajiri wanarudi kwenye jua. Unataka niwaambie nini?"

"Ukweli."

"Ukweli wataukuta hukohuko kwao. Si lazima waukute na hapa."

Nikamwambia huo ni woga, na kwamba anamlisha hata mtoto wake uongo huohuo kwa simu. Hilo lilimwingia. Akageukia ukuta, na hatukusemeshana mwezi mzima, ingawa kwa siku za wiki hakuna aliyeona tofauti. Sikuwaambia wengine. Nilijiambia kwamba nawahurumia, na Ijumaa nilishuka na godoro langu kama kawaida.

Miaka ikaenda. Niliacha ulinzi nikapata kazi ya kuendesha gari la hoteli, nikahamia Al Wukair. Yeye akabaki kwenye nyumba ileile ya kampuni, Al Rayyan, kitanda kilekile. Nilikuwa nampitia mara mojamoja, na kila nikija sauti imepungua. Mwanzo ilikuwa kukwaruza tu, akalaumu kiyoyozi na vumbi. Kisha akawa anatafsiri kwa kunong'ona, na waliobaki walisogeza magodoro mpaka miguuni pake. Tangawizi ikaongezwa. Hospitali alikwenda amechelewa, kama sisi sote tunavyochelewa, kwa kuwa siku ya hospitali haina mshahara. Huko wakamwambia ni uvimbe mbaya, na ili aishi lazima waliondoe koo la sauti. Alitoka akiwa na tundu shingoni na kitambaa cha kulifunika.

Kampuni ilimpa tiketi ya kurudi nyumbani. Mtu ambaye hawezi kupiga kelele akiona mwizi hawezi kulinda, na siwezi kusema walikosea, ila waliharakisha mno.

Nilikwenda Ijumaa, siku moja kabla ya safari. Sebuleni televisheni ilikuwapo lakini imegeuzwa inatazama ukuta. Vijana wapya walilala kwenye magodoro, kila mtu na simu yake, kila mtu na vidude masikioni. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yule mgonjwa wa juu aliwahi kuwafanya watu walie pale pale walipolala. Iliniuma, nikapanda bila kuwasalimu.

Alikuwa kwenye kitanda chake cha chini, begi liko wazi. Ndani yake niliona viatu vyeusi vya shule, vipya, na nikakumbuka kwamba binti sasa anamaliza sekondari. Alinishika mkono akaniketisha. Kisha akanigusa kooni kwa vidole viwili, akaigusa simu yake, akanipa.

Nilielewa, na nikatamani nisingeelewa. Tangu operesheni hakuwa amempigia. Alikuwa akimwandikia tu kwamba simu imeharibika, kwamba atarekebisha. Kesho angetua mbele ya msichana anayemjua kwa sauti, na sauti hana. Alitaka asikike mara moja ya mwisho, amwambie anakuja, halafu mengine wayamalize wakionana. Mwigaji alikuwa mimi.

"Mzee, hii haifai," nikamwambia. "Mwandikie ukweli."

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yanasihi, na huyo mtu hakuwahi kunisihi kitu. Nikapiga.

"Hello?"

"Mama," nikasema, kwa sauti yake. "Umeshindaje, mama?"

Nilisikia kuku upande ule, na mtu anafua.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi baba yako. Ni mafua tu, mama, lakini kesho..."

"Wewe si yeye. Sauti ni yake, lakini si yeye. Baba huvuta pumzi kwanza."

Mtafsiri alikuwa ananitazama mdomo. Nikaiacha sauti yake, nikachukua yangu, nikamweleza binti mimi ni nani, na baba ameugua nini, na wamemkata nini, na kwamba anafika kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Hawezi kuongea kabisa, uncle?"

"Kabisa. Lakini anasikia. Ni yuleyule."

"Mama alipokufa alisema anakuja. Nilikaa kwa gate na nguo ya kanisa. Akapiga simu."

"Walimzuia, mama. Nilikuwepo."

"Sawa. Hata kama. Mimi nilikuwa na baba wa simu, uncle, na nilimpenda. Huyu anakuja simjui. Mwambie asije hapa kwa aunty. Aende kwa watu wake."

"Hana watu. Baba yako ni yatima, unajua hivyo."

"Hata mimi," akasema, na simu ikakatika.

Sikuiondoa sikioni mara moja. Yeye alikuwa amesikia maneno yangu tu, ya binti hakuyasikia. Alikaa mbele yangu, shingo imefunikwa kitambaa cheupe safi, mikono magotini kama siku ile ya ofisini, akingoja nimtafsirie. Nilitaka kumwambia ukweli. Naapa nilitaka, kwani si mimi niliyemgombeza juu ya ukweli katika chumba hichohicho? Nikafungua mdomo, nikasikia inatoka sauti yake badala ya yangu.

"Amefurahi," nikasema. "Ameingia kupika chai."

Maneno hayo aliyatunga yeye, na alijua yanasemwa mlango ukishafungwa. Akanipapasa goti mara moja, kama unavyomtuliza mtu aliyefanya alichoweza. Kisha akaichukua simu mkononi mwangu, akainyoosha mbele yake kama rimoti, akaizima, akailaza kifudifudi kitandani. Viatu vya shule alivitoa begini akavitazama soli, akavirudisha, akafunga zipu.

Kesho yake nilimpeleka uwanja wa ndege kwa gari la hoteli. Nilizungumza njia nzima, juu ya barabara mpya, juu ya joto, juu ya Mganda wetu aliyerudi kwao akafungua duka, maana niliogopa kunyamaza. Hakuandika kitu wala hakuashiria. Kwenye mlango wa abiria nilimkumbatia, nikasikia pumzi inatoka shingoni mwake, ndefu, ile ya kuanzia. Akavuta begi lake akaingia. Nilimwita, sijui kwa nini, sikuwa na la kumwambia. Akageuka, akaniinulia kidevu.